Limau Chini ya Tairi

Shailaja hata hajafika kwenye geti la kituo, kashaiona. Pikipiki, RX nyekundu, imesimamishwa juani, mbele kabisa ya kituo cha polisi cha Honnekere, inang'aa kama bibi harusi. Shada la maua ya rangi ya chungwa limevishwa kwenye usukani, limeteremka mpaka kwenye tangi. Kwenye taa ya mbele, mistari mitatu ya majivu na tone la poda nyekundu katikati. Mbele ya kila tairi, limau zima linasubiri kupondwa.

Akasimama katikati ya barabara. Nyuma yake basi la Mysuru lililomleta likapiga honi, yeye wala.

"Siddappa!"

Konstebo Siddappa akachomoza nyuma ya jipu, suruali kaikunja mpaka magotini, kitambaa kilicholowa begani, uso umepakwa manjano. Anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Heri ya sikukuu, afande! Umewahi. Bisi bado zina moto, na nazi hatujapasua, tulikuwa tunakungoja wewe."

"Nani kaiosha hii pikipiki?"

"Ipi? Hii? Aa, si sote. Leo si Ibada ya Zana? Tumeosha jipu, tumefuta bunduki, mpaka pingu tumezipaka manjano. Sasa hii tuiache na matope yake katikati ya vyombo vilivyopambwa? Si ingetuletea nuksi kituo kizima, mwaka mzima."

"Siddappa. Hicho ni kidhibiti."

"Najua, afande. Ndiyo maana nimeiosha kwa mkono wangu, sijamwachia mtu."

Shailaja akafumba macho. Akayafumbua. Pikipiki bado inang'aa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jana jioni, Puttamma muuza maua alikuwa anavuka barabara pale kwenye daraja la mfereji, vikapu viwili, ndiyo siku yake kubwa kuliko zote maana kila mwenye gurudumu anataka shada. Pikipiki ikamkumba. Ikayumba, ikakaa sawa, ikaondoka. Sura ya dereva hakuna aliyeiona, jua lilikuwa linazama machoni mwa watu. Lakini masikio kila mtu anayo, na wote wakasema neno moja: RX.

Na RX 100 haihitaji kuonekana, bwana. Unaisikia ikiwa mtaa wa tatu, ule mlio wake wa kukohoakohoa ukiachia mafuta, halafu inapasua kama nguo inachanwa. Yamaha waliacha kuiunda zamani, lakini vijana wa Honnekere, ambao wengi walikuwa hawajazaliwa inatoka kiwandani, hawataki nyingine. Pikipiki mpya wanaziita baiskeli zenye bima.

Barabarani kukaokotwa indiketa moja ya rangi ya chungwa, imevunjika kikonyo. Siddappa, ambaye akipata kazi huwa anaikimbilia kama mbwa na mfupa, akazunguka mji. Kabla giza halijaingia vizuri akarudi na RX nyekundu isiyo na indiketa ya mbele, na mwenye nayo juu yake: Chandan, kijana wa mtaa wa wafinyanzi. Wakamfungia. Shailaja akaenda Mysuru, hospitalini, kumngoja Puttamma afumbue macho. Hakufumbua. Nesi akampa mfuko wenye sari yake.

Ndiyo huo mfuko ameushika. Akachuchumaa kando ya RX, akatoa sari. Ya nailoni, ya kijani, ile kijani ya kasuku. Pindo la chini limeyeyuka, limejikunja na kuwa gumu kama plastiki iliyoonja moto. Na Puttamma kwenye muundi ana alama ya kuungua, ndefu, nyembamba. Daktari alisema ni bomba la moto. Yaani hiyo pikipiki ilimgonga, ikamlalia na ekzosi, nailoni ikayeyukia pale, halafu ikajinyanyua ikaenda zake.

Akatazama ekzosi ya RX ya Chandan. Akajiona uso wake humo.

"Umesugua na nini?"

"Mafuta ya taa na gunia, afande. Unaweza kunyolea ndevu hapo. Samahani, si wewe mwanamke, mtu mwenye ndevu."

"Kulikuwa na kitu kimegandia? Cha kijani?"

"Kulikuwa na matope."

"Nimesema kijani, Siddappa. Kama plastiki. Fikiri."

Siddappa akakuna kichwa kwa kitambaa, manjano yakamtiririkia sikioni. "Hakikuwepo. Nina uhakika. Kiasi."

"Kiasi?"

"Inategemea, afande. Naulizwa na wewe au naulizwa na hakimu?"

Hapo ndipo alipotaka kumrushia limau. Maana nailoni ikishayeyukia kwenye chuma cha moto haitoki kwa gunia na mafuta ya taa, inakwanguliwa kwa kisu, na kisu kingeacha mikwaruzo. Hapa hakuna mkwaruzo hata mmoja. Kwa hiyo pikipiki siyo hii. Yeye kashajua. Lakini ataenda kumwambia nani? Wakili yeyote mwenye akili nusu atasimama aseme: ninyi wenyewe mmeiosha, mmeivalisha maua, sasa mnatuambia hakukuwa na kitu? Kidhibiti kilichooshwa hakisemi ndiyo, hakisemi hapana. Kinang'aa tu.

Simu ikaita. Inspekta Nanjundaiah, bosi wake.

"Shailaja, lile faili la muuza maua."

"Mkuu, nadhani kijana siye."

"Unadhani? Indiketa imeokotwa, pikipiki yake haina indiketa. Kuna hesabu gani tena hapo? Mimi jioni nakwenda Mysuru, ulinzi wa maandamano ya Dasara, tembo, wageni, sitaki kiporo. Nikipita hapo nalichukua faili na jina la mtu ndani."

"Mkuu, pikipiki imeoshwa."

"Na nani?"

Akamtazama Siddappa, ambaye alikuwa anamwangalia kama mtoto aliyevunja chungu. "Na sikukuu," akasema.

"Basi jioni," Inspekta akasema, akakata.

* * *

Chandan alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, magoti yanacheza. Viganja vyake vya manjano, maana pingu alizofungwa kwenda msalani ni zile zile zilizofanyiwa ibada. Kijana wa miguu mirefu, mkavu kama muwa uliokamuliwa.

"Afande, mimi kesho natakiwa Mandya," akasema kabla hajaulizwa. "Alfajiri. Jeshi linaandikisha. Nimekimbia kwenye kingo za mfereji mwaka mzima, jua, mvua. Mwakani umri utakuwa umenipita."

"Najua. Na jina lako likiingia kwenye faili leo jioni, kesho hata ukimbie kama swala watakurudisha getini. Kwa hiyo nisaidie. Indiketa yako iko wapi?"

"Si mnayo ninyi."

"Nimekwenda kuangalia pale ilipokuwa. Ikivunjwa kwa kugonga, nyaya zinachanika. Zako zimekatwa vizuri, zimefungwa na gundi ya umeme, na nati imerudishwa mahali pake. Hiyo ilifunguliwa kwa spana na mtu asiye na haraka. Ulimpa nani?"

Chandan akainamisha kichwa. "Niliuza."

"Kwa nani?"

"Simjui."

"Indiketa halisi ya RX, ambayo mnaitafuta mpaka Bangalore hampati, ukamuuzia usiyemjua?"

"Ndiyo."

"Ana sura gani?"

"Ya kawaida."

"Mrefu? Mfupi?"

"Wa kati."

"Chandan, kuna bibi wa watu kalala Mysuru hajui hata jina lake."

Magoti yakaacha kucheza. "Bibi Puttamma namjua mimi tangu utotoni, afande. Usinifanye kama sina moyo. Lakini sisi wa RX hatuchomeani. Mtu akikuazima kifaa, hicho ni kifaa chako na siri yako."

"Kukuazima? Si uliuza?"

Toka hapo, hata umwulize leo siku gani, kimya. Shailaja akatoka akaubamiza mlango, ukagonga, ukarudi ukafunguka wenyewe. Hata mlango.

* * *

Wakaenda hekaluni, yeye na Siddappa, maana siku hiyo ukitaka kuona RX zote za Honnekere huna haja ya kugonga milango. Zinajipanga zenyewe. Zilikuwa kwenye mstari mbele ya hekalu la Hanumanthu kama askari kwenye gwaride: nyeusi, nyekundu, bluu, zote zimeoshwa, zote zina maua, kuhani anapita na sinia la moto, vijana wanawasha injini, wanaponda malimau, moshi wa bluu umetanda mpaka mungu mwenyewe haonekani.

Shailaja akaanza wa kwanza. Anachuchumaa, anatazama ekzosi, anatazama indiketa, anakwenda wa pili.

"Afande anatafuta ya kununua!" mmoja akapiga kelele. "Mpe ya Mahadeva, haina breki, itamfaa kukimbizia wezi!"

"Bora isiyo na breki kuliko yako isiyo na injini," Mahadeva akajibu. "Hiyo unaiendesha kwa maombi."

"Jana magharibi ulikuwa wapi?" Shailaja akamwuliza yule mpiga kelele.

"Nilikuwa naosha."

"Wewe?"

"Naosha."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa namwangalia huyu anaosha, afande, nihakikishe hapasahau nyuma ya namba."

Wakacheka. Siddappa naye akacheka, akatazamwa, akaacha. Shailaja akafika kwenye moja nyeusi, indiketa ya mbele mpya mpya, mwenyewe karani wa benki anatoka jasho. Akainama: ekzosi safi. Akapitisha kidole. Safi, na kutu ya zamani ambayo haijakwaruzwa. Indiketa ni ya plastiki ya kuigiza, imenunuliwa sokoni, na karani alikuwa anatoka jasho kwa sababu leseni yake imekufa tangu msimu wa mvua.

"Kakate leseni yako," akamwambia.

"Leo ofisi zimefungwa, afande. Sikukuu."

"Naona."

Akamaliza mstari wote. Kila chuma kinang'aa, kila taa ina alama ya baraka, kila mtu alikuwa anaosha. Siku moja katika mwaka ambayo mji mzima, kwa hiari yake, kwa sabuni yake, unafuta ushahidi halafu unaupigia magoti. Mtu akitaka kugonga na kukimbia asichague siku nyingine. Akakubali bisi kutoka kwa kuhani, akazitafuna kwa hasira kama zimemkosea.

Jua lilishaanza kuegemea waliporudi kituoni. Akamfungulia Chandan chakula, wali wa ndimu kwenye jani la mgomba, akakaa kwenye kiti mbele ya nondo.

"Nimeona RX zote za mji huu," akasema. "Zote zina indiketa kamili kwa ajili ya ibada. Hata ya yule mlevi wa kinu. Yako tu imesimama hapo nje ina pengo kama bibi kizee. Huoni aibu?"

Alisema tu kwa kuchoka. Lakini Chandan akacheka, wali mdomoni, cheko la kwanza siku ile.

"Yangu haina shida, afande. Nimeinunua mtumba, imepita mikono kumi. Haina marehemu anayeitazama."

Shailaja hakusogea. Akamwacha ameze. Kisha akainuka taratibu, akatoka mpaka barazani, akamkuta Siddappa anapasua nazi.

"Siddappa, wewe ni mzaliwa wa hapa. Nani ana RX ya marehemu?"

"Ya marehemu nani?"

"Ndiyo nakuuliza. Aliyeachiwa na baba yake."

"Aa, hiyo ya Nithin. Mtoto wa hayati Kalegowda, wale wa sukari guru kule mwisho wa mfereji. Mzee aliinunua mpya, ilikuwa RX ya kwanza Honnekere nzima. Lakini hiyo haipo, afande. Kaiuza."

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe. Jana usiku nimepita kibanda cha chai, kaniita kabisa. 'Kaka Siddappa, umesikia? RX nimeiuza, mtu wa Tumakuru kaichukua.' Ndiyo maana hekaluni hukumwona."

"Ulikuwa umemwuliza?"

"Hapana."

"Hukumwuliza, akakuita akakuambia."

Siddappa akashika vipande vya nazi, maji yanamdondokea miguuni. Taratibu uso wake ukabadilika.

"Washa jipu," Shailaja akasema. "Na usianze kuponda malimau, pita juu yake tu."

* * *

Kwa Kalegowda tanuri lilikuwa baridi, leo miwa haikamuliwi, lakini harufu ya sukari guru haijui sikukuu, imekaa ndani ya kuta. Getini trekta limevaa maua kuliko mtu yeyote, na mbele yake boga jeupe limepasuliwa, poda nyekundu imemwagika kama damu, malimau yamepondwa yamekuwa uji. Kila kitu mahali pake.

Nithin akaja kuwapokea na sahani ya sukari guru. Kijana mzuri, shati jeupe jipya, mkono wa kushoto una bandeji kwenye kiganja.

"Mkono?" Shailaja akauliza.

"Panga la miwa, afande."

"RX yako iko wapi?"

"Nimeuza. Jana asubuhi. Mtu wa Tumakuru."

"Jana, siku moja kabla ya Ibada? Pikipiki ya baba yako?"

"Alitaka aifanyie ibada kama yake. Kaniomba sana. Na mama alikuwa anaumia kuiona kila siku."

"Jina lake?"

"Tulimwita tu kaka."

"Namba ya simu?"

"Alinipigia yeye, nimefuta."

Laini. Kila jibu limeshapigwa pasi. Shailaja akamtazama machoni, macho hayakucheza. "Naweza kuangalia?"

"Angalia, afande. Nyumba yako hii."

Wakaangalia. Siddappa akapanda juu ya rundo la makapi ya miwa, akachoma fimbo huku na huku mpaka akaanza kupiga chafya. Hamna. Chini ya tanuri, majivu. Nyuma ya nyumba, mapipa. Chumba cha masufuria, masufuria. Upande wa zizi, ng'ombe wawili wamepakwa manjano kwenye pembe na magunia ya pumba yamepangwa juu mpaka dirishani. Siddappa akashuka na makapi kichwani kama ndege anayejenga.

"Hamna kitu, afande."

Simu ikaita. Nanjundaiah. Hakupokea. Ikaita tena.

"Samahani kwa usumbufu," akamwambia Nithin. Akageuka kuelekea jipu. Mbele ya zizi mguu ukateleza. Nusura aende chini, Siddappa akamdaka kiwiko.

"Hata ardhi," akasema kwa hasira, akainua kiatu. Limau. Limepondwa bapa, limebaki ganda na mbegu, poda nyekundu bado imo. Akaanza kuisugua soli kwenye majani aende zake. Siku hii mji mzima unakanyaga malimau, la ajabu nini?

Akaacha kusugua.

Trekta liko getini. Malimau ya trekta yako getini, yamekuwa uji, maana lile tairi ni kama jabali. Hili hapa limebanwa katikati tu, mstari mwembamba, pande mbili zimebaki zimevimba. Akatazama mbele kidogo, kwenye kizingiti cha zizi. La pili. Mstari ule ule, unaingia ndani.

"Nithin."

"Naam, afande."

"Ng'ombe wenu wana matairi?"

Siddappa alitaka kucheka, halafu akaelewa, akaenda kusimama nyuma ya kijana bila kuambiwa.

"Ni baiskeli," Nithin akasema. Haraka mno.

"Baiskeli ya nani?"

"Yetu. Ya nyumbani. Ya zamani."

"Baiskeli gani tena hiyo?" sauti ikatoka barazani. "Hapa kuna baiskeli?"

Mama mtu mzima akashuka ngazi, sinia la ibada mkononi, taa yake bado inawaka, sari ya ujane isiyo na rangi. Ningamma, mke wa hayati Kalegowda.

"Mama, rudi ndani," Nithin akasema.

"Nirudi ndani kuna wageni, leo? Nani kakulea wewe?" Akamgeukia Shailaja. "Karibu, mwanangu. Usimsikilize huyu. Kaniambia tuseme RX imeuzwa, marafiki zake wamezidi kuiazima, wanairudisha imevunjika. Sawa, watu nimewaambia imeuzwa. Lakini Mungu naye nimdanganye? Mume wangu alipokuwa kitandani anakata roho, niliitoa nikaivalisha maua akiiona dirishani. Haijawahi kukosa hata mwaka mmoja. Huyu alikuwa amelala, nikaitoa mwenyewe, nikaipondea malimau yake, nikairudisha. Kuna kosa?"

"Mama!"

"Usinipigie kelele."

"Hakuna kosa, mama," Shailaja akasema. "Nionyeshe tu."

Ningamma akaingia zizini, akaweka sinia juu ya hori, akaanza kuvuta magunia ya pumba. Siddappa akataka kumsaidia, Shailaja akamzuia kwa macho, asimwachie kijana. Gunia la tatu lilipoanguka ikaonekana: nyeusi, mistari ya dhahabu kwenye tangi iliyochorwa kwa mkono, shada la maua meupe madogo ya bustani. Mbele, upande mmoja indiketa. Upande wa pili, mahali pa ile ya kuazima ya Chandan, kikonyo kitupu, nyaya zimening'inia, zimechanika.

"Maua yenyewe ndiyo haya," Ningamma akasema, anayanyoosha. "Mwaka huu Puttamma kanikosesha. Kila mwaka ananiletea ya kwangu mpaka hapa mlangoni, leo nimengoja, nimengoja, hola. Nikashona haya ya uani. Sijui kapatwa na nini yule."

Ng'ombe mmoja akapiga mkia.

Shailaja akachuchumaa. Imeoshwa, ndiyo. Imesuguliwa mpaka kwenye mapezi ya injini. Lakini kwenye kona ya ekzosi, pale inapopinda chini ya injini, kulikuwa na kigaga. Kimekaza kama kovu, kirefu kiasi cha kidole, kimeungua kingo, na katikati bado kijani. Kijani ya kasuku.

"Usikitazame hicho, mwanangu, nimeona aibu," Ningamma akasema. "Nimekisugua tangu alfajiri. Majivu, ganda la nazi, mchanga. Nilitaka baba yake aione safi. Kimegoma kabisa. Wewe unajua kinatolewa na nini?"

Shailaja akafungua mfuko. Akatoa pindo la sari, akalisogeza karibu na bomba, hakuligusisha.

Ningamma akainama kutazama. Akalishika lile pindo kwa vidole viwili, akalifuata kwa kidole gumba mpaka pale lilipokuwa gumu.

"Hii ni ya Puttamma," akasema. "Nilimpa mimi. Nilipofiwa, rangi zikanitoka, nikampa zile zangu zote." Akainuka polepole, akamtafuta mwanawe kwa macho. "Nithin. Sari yangu inafanya nini hapa?"

Kijana alikuwa anatazama ardhi. Bandeji kwenye kiganja ilikuwa imeanza kulowa.

"Niliona jua tu, mama," akasema. "Niliona jua, halafu maua."

Simu ikaita tena. Safari hii Shailaja akapokea. "Mkuu, faili lako utalikuta, lakini jina si lile. Na naomba wamfungulie Chandan sasa hivi, wamrudishie viatu vyake vya kukimbilia." Akakata kabla hajaulizwa.

Alipogeuka, Ningamma alikuwa amenyoosha mikono miwili kwenye usukani, analivua shada. Taratibu, asikate uzi.

"Liache, mama," Shailaja akasema, akamshika mkono. Ulikuwa bado una harufu ya majivu na nazi. "Tafadhali. Kila kitu kibaki kilivyo."

Kisha akamwita konstebo wake.

"Siddappa. Hii tunaibeba kwa trekta mpaka kituoni. Mtu akiikaribia na ndoo ya maji, hata awe Inspekta, mfunge."